Kesi ya Mshenga na Maji ya Ng'ambo

Nchi yenyewe haitatajwa hapa. Si kwa woga. Ni kwamba nchi hiyo haipo, na nchi isiyokuwepo haina haja ya jina. Msomaji atakayedhani anaifahamu abaki na dhana yake nyumbani, asiwatie watu matatani. Kinachosimuliwa ni yale tu yaliyompata mwanamke mmoja wa huko, fundi cherehani, Bi. Mashavu Kitwana, mwaka ule aliposhtakiwa kwa kuendesha diplomasia ya kimataifa akiwa na sahani ya vileja mapajani.

Bi. Mashavu aliishi katika mji uitwao Mwisho wa Lami. Barabara kutoka makao makuu ya nchi ilijengwa kwa ari kubwa mpaka hapo, kisha ari ikaisha. Mbele ya mji kulikuwa na mto, juu ya mto daraja la mbao, na baada ya daraja nchi nyingine, ambayo ilikuwa na jina refu la heshima lakini wote waliiita Ng'ambo. Kila upande wa daraja ulikuwa na askari wake mmoja. Askari hao wawili walicheza drafti kutwa, ubao umelazwa sawasawa juu ya mstari wa mpaka, ili asiwepo wa kushtakiwa kwa kuvuka.

Mwenyewe alikuwa mjane wa miaka hamsini na tatu, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa ulimi. Alishona, ndiyo, lakini sifa zake zilitokana na ushenga. Ndoa thelathini na nne zilipita mikononi mwake, na thelathini na mbili zilikuwa bado zimesimama. Hizo mbili zilizoanguka, alisema, wenyewe walikataa ushauri wake kuhusu kuishi na mama mkwe.

Kwa hiyo Mwinyimvua, mtoto wa kaka yake, fundi baiskeli wa miaka thelathini, alipopatwa na yaliyompata, hakwenda kwa mtu mwingine.

"Shangazi," alisema akiwa amesimama mlangoni, mikono imejaa grisi, "kuna jambo."

"Jambo hilo lina jina?"

"Sikudhani."

"Hukudhani nini?"

"Ndilo jina lake, Shangazi. Anakaa Ng'ambo. Baba yake ni Bwana Feruzi Shomvi."

Bi. Mashavu aliacha kukanyaga cherehani. Bwana Feruzi alikuwa Msimamizi wa Lango la Maji wa Serikali ya Ng'ambo. Lango lenyewe lilikuwa juu ya mto, upande wa huko, na ndilo lililokuwa likigawa maji ya mfereji unaoingia Mwisho wa Lami. Lilikuwa limefungwa kwa miaka mitatu. Mji mzima ulikuwa ukichota maji mtoni kwa ndoo, kuyachuja kwa kitambaa na kuyachemsha, na hata baada ya kuchemshwa yalibaki na rangi ya chai.

Serikali haikuwa imelala. Ilikuwa imeunda Kamati ya Kudumu ya Majadiliano ya Muda, chini ya Balozi Dakta Salehe Mbwembwe, mtu aliyevaa suti tatu kwa siku. Kamati ilikuwa imekutana na wenzao wa Ng'ambo mara ishirini na mbili, daima katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, mpaka wajumbe wakajua majina ya watoto wa wapishi. Walikuwa wameshaafikiana umbo la meza. Lililobaki ni jina la nchi ipi litangulie kwenye mkataba.

"Nitakwenda," alisema Bi. Mashavu. "Lakini nawa mikono kwanza, usiniguse."

* * *

Alikwenda Jumanne mchana, amevaa doti mpya ya kanga na sahani yake ya vileja imefunikwa kawa. Askari wa daraja waliinua kila mmoja kileja chake na kuendelea na mchezo.

Bi. Mashavu hakuwa na tabia ya kuanza na posa. Alikaa mkekani na mke wa Bwana Feruzi, Bi. Mwanahawa, wakaulizana habari za watoto, za kuku, za jirani aliyehama. Kisha akamgeukia baba mwenyewe, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti akiwa amenyoosha mguu mmoja.

"Goti hilo, kaka, limeanza lini?"

Bwana Feruzi alishangaa. Alikuwa amefanya kazi ya serikali miaka ishirini na hapakuwa na mtu aliyewahi kumuuliza kuhusu goti lake. Akaeleza. Maelezo yalichukua nusu saa, na Bi. Mashavu hakumkatiza hata mara moja. Mwisho alimwelekeza kukanda kwa mafuta ya nazi na chumvi ya moto, asubuhi na jioni, na akamwonyesha mkewe namna ya kufunga kitambaa. Baada ya hapo ndipo akataja kilichomleta.

"Kijana simjui vibaya," alisema Bwana Feruzi. "Aliwahi kunitengenezea baiskeli na mpaka leo inakwenda. Lakini nimwozeshe mwanangu huko kwenu, ataoga nini? Hamna maji."

"Maji si mnayo ninyi, kaka."

"Lango limefungwa."

"Kwa nini limefungwa?"

Bwana Feruzi alitazama nje ya dirisha. Alimtazama mkewe. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeungama, "Nikwambie kweli, dada? Siku ile nilifunga nitoe majani yaliyoziba. Nilitaka kufungua saa kumi. Saa tisa redio ikatangaza kwamba tumefunga kwa maslahi ya taifa. Nikaogopa kufungua. Nikangoja barua."

"Barua haijaja?"

"Haijaja."

"Miaka mitatu."

"Na miezi miwili."

Bi. Mashavu alisogeza sahani karibu naye. "Basi kaka, kama ulifunga kutoa majani, na majani umeshatoa, si kazi imekwisha?"

"Wakiniuliza nilikuwa wapi miaka yote hiyo?"

"Waambie majani yalikuwa mengi."

Bi. Mwanahawa ndiye aliyeanza kucheka. Mumewe akafuata, akacheka mpaka akashika goti. Sikudhani, aliyekuwa amesimama nyuma ya pazia akijifanya hayupo, naye akacheka, na hivyo ikajulikana kwamba yupo. Posa ilipokewa. Na kabla jua halijashuka, Bwana Feruzi alikwenda zake langoni akichechemea, akazungusha gurudumu la chuma.

* * *

Maji yaliingia Mwisho wa Lami asubuhi ya Jumatano. Yalitanguliwa na sauti, mfereji ukikohoa kama mzee anayeamka, kisha vumbi, vyura wawili, halafu maji yenyewe, meupe. Wanawake walipiga vigelegele. Kinyozi alimwosha mteja wake kichwa mara tatu bila kuombwa. Mwalimu mkuu, mtu mzito wa maneno, aliingia mferejini na viatu vyake.

Mkuu wa Wilaya alipotoka ofisini na kuona watu wake wamelowa, moyo ulimlipuka. Maji yalikuwa yameingia wilayani kwake bila barua. Alipiga simu makao makuu, makao makuu wakamuuliza ni maji gani, naye akasema ya kawaida, wakamwambia angoje. Saa sita mchana redio ya taifa ikatangaza kwamba uvumi wa kuwepo kwa maji Mwisho wa Lami hauna ukweli wowote, na wananchi waupuuze. Wananchi walisikiliza tangazo hilo huku wakikamua nguo zao.

Siku ya pili iligunduliwa nani aliyekwenda Ng'ambo. Askari wa daraja walipoulizwa walisema hawakuona mtu, ila vileja vilikuwa vizuri.

Hapo ndipo sheria ikatolewa kabatini. Ilikuwa na miaka tisini. Zamani hizo, mshona kofia mmoja alimwandikia mfalme wa Ng'ambo barua ya adabu kuhusu vita vilivyokuwa vikiendelea, na mfalme akaviacha, kabla majenerali hawajamaliza kupigwa picha. Majenerali walikasirika sana. Ikatungwa Sheria ya Kuzuia Raia Kuzungumza na Serikali za Nje Bila Kibali, inayokataza raia yeyote asiyetumwa kusema na serikali ya nje au afisa wake, "kwa kauli, maandishi, ishara ama tabasamu," kwa nia ya kuathiri mgogoro. Katika miaka tisini alishtakiwa mtu mmoja tu, akafa kwa uzee faili likiwa bado linatafutwa. Hakuna aliyewahi kutiwa hatiani. Wanasheria wa nchi hiyo waliiheshimu mno sheria hiyo, kama watu wanavyoheshimu bunduki ya ukutani wasiyojua kama ina risasi.

Inspekta Tindo alimkuta Bi. Mashavu akishona kola.

"Mama, upo chini ya ulinzi kwa kosa la diplomasia."

"Hiyo ni nini, baba?"

Inspekta alifikiri. "Ni kuongea na watu vizuri mpaka wakubali, lakini bila kibali."

"Kifungo chako cha pili kinataka kudondoka," alisema Bi. Mashavu. "Sogea hapa kwanza, usije ukaniingiza kituoni ukiwa kifua wazi."

Akamshonea, akafunga mlango wake, wakaongozana. Inspekta alibeba pia ndoo moja ya maji ya mfereji, ikabandikwa karatasi: Kidhibiti A.

* * *

Yaliyofuata yalikuwa mengi kwa wiki moja. Kwanza ilitoka amri kwamba maji yaliyopatikana kinyume cha sheria yarejeshwe yalikotoka. Watu walipanga mstari darajani na ndoo vichwani, watiifu kabisa. Askari wa Ng'ambo akawaomba fomu ya kuingiza bidhaa. Hakuna aliyekuwa nayo. Wakarudi, wakamwagilia mchicha.

Kisha makao makuu wakabadili mawazo. Mshauri mmoja mwerevu aliona kwamba maji yakishakuwepo, ni afadhali yawe ya Serikali. Redio ikatangaza kwamba maji yapo, yalikuwepo, na ni matunda ya kazi ngumu ya Kamati ya Kudumu ya Majadiliano ya Muda, na kwamba Rais Mtukufu atakuja Jumamosi ya wiki ijayo kuzindua bomba kubwa uwanjani. Bi. Mashavu, ndani ya mahabusu, alidhani basi atafunguliwa. Hakufunguliwa. Maji yalikuwa ya Kamati, lakini kosa lilibaki kuwa lake.

Hilo bado lilimchekesha. Alikuwa akiwashonea polisi suruali zao zilizochanika, nao walimletea chai na kumweleza matatizo ya ndoa zao.

Kicheko kilimwisha siku Mwinyimvua alipokuja kumtazama. Kijana alikuwa amekaa chini, nje ya nondo, hajanyoa.

"Shangazi, posa imevunjika."

"Nani ameivunja? Niliiacha mbichi, haina hata ufa."

"Wizara."

Akamweleza. Wizara ya Mambo ya Nje ilikuwa imeamua kwamba, kwa kuwa baba wa binti ni afisa wa nchi ya nje, posa hiyo ni jambo la mataifa mawili, na haiwezi kuachwa mikononi mwa mshona nguo. Balozi Mbwembwe mwenyewe alikuja na magari tisa. Magari yalishindwa kupita darajani, ujumbe ukavuka kwa miguu nyuma ya bendera. Nyumbani kwa Bwana Feruzi waliingia na viatu mpaka juu ya mkeka, maana itifaki yao haikuwa na kipengele cha kuvua. Chakula hawakugusa, kwa kuwa mtaalamu wa kuonja alikuwa amebaki garini. Balozi alisoma hotuba ya kurasa kumi na nne. Sikudhani alitajwa humo kama rasilimali ya pamoja. Ilipendekezwa uchumba wa mpito wa miaka mitano, harusi ifungiwe katika nchi ya tatu isiyofungamana na upande wowote, na bi harusi akaguliwe kila baada ya miezi mitatu na waangalizi.

"Na Bwana Feruzi?"

"Alisikiliza mpaka ukurasa wa tisa. Akasimama, akasema binti yake si daraja wala si bandari, na wote watoke. Halafu akaenda kufunga lango." Mwinyimvua alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Shangazi, watu wengine huachwa na mchumba. Mimi nimeachwa na nchi nzima."

Bi. Mashavu aliweka chini suruali ya sajini. Kwa mara ya kwanza tangu akamatwe aliona uchungu, tena uchungu wa kweli, kwa sababu wao huko juu walikuwa wameichezea kazi yake. Na huyu hapa mtoto wa kaka yake, aliyemlea tangu ana miaka sita, alikuwa amekaa sakafuni kama mtu aliyefiwa.

* * *

Kesi ilisikilizwa Alhamisi mbele ya Hakimu Ndelwa. Ukumbi ulinuka, maana lango lilikuwa limefungwa siku ya nne na joto lilikuwa kali. Hakimu mwenyewe alijikuna chini ya joho.

Tatizo la kwanza lilikuwa Kidhibiti A. Ndoo ilikuwa imebaki na maji nusu. Wakili wa Serikali alimtazama Inspekta Tindo, Inspekta akaapa kwamba hakunywa, ni jua. Iliandikwa kwamba kidhibiti kimetoroka kwa sehemu.

"Mshtakiwa," alianza wakili, "ulizungumza na Serikali ya Ng'ambo?"

"Nilizungumza na Bwana Feruzi."

"Bwana Feruzi ni afisa. Ukizungumza naye, umezungumza na Serikali."

"Na goti lake je? Kwa maana muda mwingi tuliongelea goti."

Watu waliangua kicheko. Hakimu aligonga meza, lakini si kwa nguvu.

Balozi Mbwembwe aliitwa kuthibitisha kwamba upo mgogoro ulioathiriwa. Alizungumza dakika arobaini juu ya umuhimu wa sauti moja ya taifa, na hatari ya kila mama mwenye sahani kujifanya waziri.

"Mheshimiwa Balozi," Hakimu alimkatiza, "mgogoro wenyewe unahusu nini?"

Balozi alifungua mkoba, akaufunga. "Ni mpana."

"Ulianzaje?"

"Mheshimiwa Hakimu, nyaraka za mwanzo zipo hotelini."

Hukumu iliahirishwa wiki moja. Bi. Mashavu alipewa dhamana kwa sharti moja: asiseme neno na Serikali ya Ng'ambo wala afisa wake yeyote. Alitia sahihi, akaenda nyumbani, akaanza kufuta vumbi lililojaa kwenye cherehani.

Hakumaliza kufuta. Mlango uligongwa, na waliosimama hapo walikuwa Mkuu wa Wilaya na Balozi Mbwembwe, wote wawili wametota jasho.

"Mama," alisema Mkuu wa Wilaya, "keshokutwa ndiyo Jumamosi."

"Ndiyo, baba."

"Rais atafungua bomba."

"Nimesikia redioni."

"Bomba halina kitu, mama! Atafungua litoke nini, upepo? Nenda Ng'ambo ukaongee na yule bwana."

"Nina sharti la mahakama. Nipeni kibali, kama sheria inavyosema."

Mkuu wa Wilaya alimgeukia Balozi. Balozi alikohoa. "Kibali hupitia kamati ndogo, kamati kubwa, na kamati ya kuzipatanisha. Kwa dharura, ni miezi kumi na minne."

Bi. Mashavu aliwatazama wakubwa hao wawili, akamkumbuka kijana aliyekaa sakafuni. Akawaambia wamsomee ile sheria, polepole, neno kwa neno. Balozi alisoma.

"Rudia hapo. Serikali ya nje, au nani?"

"Au afisa wake."

"Mke wa afisa ametajwa?"

Balozi alipitisha kidole mstari kwa mstari, akageuza karatasi, akatazama hata nyuma. "Wanawake hawakutajwa popote," alisema kwa mshangao. "Walioitunga hawakufikiria."

"Haya. Tokeni nioge. Ah, nimesahau, hakuna maji. Tokeni hivyo hivyo."

* * *

Ijumaa asubuhi alivuka daraja. Safari hii Inspekta Tindo alimfuata na daftari, kwa amri, kuhakikisha sharti la mahakama linatimizwa.

Walikaa jikoni, Bi. Mashavu na Bi. Mwanahawa, wakipepeta mchele. Bwana Feruzi alikuwa amekaa hatua mbili tu kutoka hapo, kizingitini, amekunja uso. Bi. Mashavu aliumia kumpita bila salamu. Katika maisha yake hakuwahi kuingia nyumba ya mtu asimwamkie mwenye nyumba. Lakini Inspekta alikuwa ameshika kalamu.

"Dada Mwanahawa," alisema, "mumeo hajambo goti?"

"Mume wangu," Bi. Mwanahawa aligeuza shingo, "mgeni wangu anauliza goti."

"Mwambie mgeni wako limepungua," alisema Bwana Feruzi. "Na mwambie ningemkaribisha chai, lakini kwao siku hizi watu hupanda mkeka wa watu na viatu."

"Anasema limepungua, na kuhusu viatu."

"Dada, mwambie mumeo wale si watu wangu. Sikuwatuma. Ningewatuma mimi, wangevua viatu tangu darajani. Lakini waliingia kwa jina la mtoto wetu, na aibu yao nimeibeba mimi. Namwomba radhi."

Bi. Mwanahawa alirudia yote, neno kwa neno, ingawa hakuna aliyekuwa hajasikia. Inspekta aliandika: *Mshtakiwa anaongea na mpishi.*

Uso wa Bwana Feruzi ulilainika kidogo, kisha ukakaza tena. "Mwambie mgeni wako, radhi yake naipokea. Lakini posa ilishakufa. Sitaki mwanangu awe mgogoro wa watu."

Kwa mara ya kwanza katika ushenga wake Bi. Mashavu aliona mlango umefungwa kweli. Mikono yake iliendelea kupepeta, mchele ukamwagika.

Ndipo Sikudhani alipotoka nyuma ya pazia. Hakuwa amejifunika wala kujificha. Alipiga goti mbele ya baba yake.

"Baba, umemuuliza mama, umemuuliza mgeni, na Wizara imekusomea hotuba. Mimi naomba niseme. Mwinyimvua namtaka. Maji yakiwepo nitaoga, yasipokuwepo nitachota mtoni kama wenzangu. Naomba unipe radhi zako, maana bila hizo siondoki, na nikibaki hapa nitakuwa nakutazama kila siku hivi hivi."

Inspekta Tindo aliacha kuandika. Bwana Feruzi alimshika bintiye mkono, akamwinua.

"Mke wangu," alisema, "mwambie mgeni wako Jumapili ya wiki ijayo ni siku nzuri ya harusi. Na mwambie nimeona majani yamejaa tena langoni. Kesho alfajiri nitayatoa."

Bi. Mwanahawa hakurudia. Alikuwa analia kwenye ungo. Bi. Mashavu naye alikuwa analia, na Inspekta aligeukia ukutani akitafuta kitu machoni.

* * *

Jumamosi, Rais Mtukufu alifungua bomba. Alikuwa amepanga kuhutubia saa moja kwanza, lakini maji hayakuwa na ratiba. Yalitoka kabla hajafika kwenye aya ya pili, yakamlowesha yeye, msaidizi wake na hotuba. Umati ulishangilia kama haujawahi kushangilia. Yeye alidhani unashangilia hotuba, akafurahi sana, na wajumbe wote wa Kamati wakavishwa nishani pale pale, pamoja na mmoja aliyekuwa amefariki na mwingine ambaye hakuna aliyemjua.

Siku ya hukumu, Hakimu Ndelwa alifika amenawiri, ananukia sabuni. Hukumu ilikuwa fupi.

"Serikali imetangaza redioni, na Rais amethibitisha hadharani, kwamba maji haya yaliletwa na Kamati. Kama yaliletwa na Kamati, hayakuletwa na mshtakiwa. Na kama yaliletwa na mshtakiwa, basi kuna mtu amemdanganya Rais. Wakili wa Serikali, tuandike lipi?"

Wakili wa Serikali alisimama, akakaa, akasimama tena. Akasema Serikali haina nia ya kuendelea na kesi. Sheria ikarudishwa kabatini, ikiwa bado haijamtia mtu hatiani, na inasemekana huko makao makuu wanaandaa marekebisho ya kuwajumuisha wake wa maofisa, mama zao, shangazi zao na wapishi. Wamefika herufi ya tatu ya neno la kwanza.

* * *

Harusi ilifana. Ilifungwa Ng'ambo asubuhi na kusherehekewa Mwisho wa Lami mchana, chini ya turubai la shule, na askari wa daraja wakaacha kazi kwa muda wa siku nzima bila nchi yoyote kuvamia nyingine. Bwana Feruzi alicheza, kwa tahadhari, kwa mguu mmoja. Mwinyimvua alikuwa amesugua kucha mpaka grisi yote ikatoka, na hakumwondolea mkewe macho hata alipokuwa anakula, ndiyo maana kanzu yake iliharibika.

Bi. Mashavu alikuwa akigawa pilau alipoona Balozi Mbwembwe amekaa peke yake kwenye benchi la nyuma. Hakuna aliyejua nani kamwalika. Alikuwa na shati tu, bila koti, na alikuwa amemaliza sahani mbili.

"Mheshimiwa, nikuongeze?"

"Kaa kidogo, dada," alisema. Alitazama huku na huku, akainamisha kichwa. "Nina binti. Asumini. Ana miaka thelathini na mmoja, ni daktari wa meno. Mama yake ananiambia kuna kijana wa huko Ng'ambo, karani wa posta. Mimi nimefanya mazungumzo na mataifa kwa miaka ishirini na sita, na hili silijui hata mwanzo wake. Nilifikiri labda wewe..."

Bi. Mashavu aliweka upawa chini, akakaa. Aliona sasa kwamba mtu huyu alikuwa amechoka, na alikuwa na ndevu nyeupe upande mmoja ambazo wembe ulizisahau.

"Asumini mwenyewe amekwambia nini?"

Balozi alifikiri. Alifikiri kwa dhati, kama mtu anayetafuta faili.

"Hatujaongea," alisema.

"Lini mliongea mara ya mwisho?"

"Kuongea kabisa?" Aligeuza sahani yake tupu mapajani. "Alikuwa anaanza sekondari."

"Basi mimi sina kazi hapo," alisema Bi. Mashavu kwa upole, akainuka. "Mpigie. Usiandike kitu, wala usimweleze kitu. Muulize tu, kisha unyamaze."

Alirudi kwenye sufuria yake. Ngoma zilikuwa zimepamba moto na kina mama wa nchi mbili walikuwa wamechanganyika kiasi kwamba hakuna ambaye angeweza kuwatenganisha bila kamati. Kila alipoinua macho alimwona Balozi kule nje ya turubai, simu sikioni, kidole kimoja kimeziba sikio la pili asikie vizuri. Alisimama hapo wimbo wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Alitikisa kichwa, akatabasamu, akafuta jicho kwa kiganja. Wote waliopita karibu naye wakati huo wanakubaliana kwamba hawakumsikia akisema hata neno moja.